Je, Wajua? Duka Mlangoni, Jirani Ukutani

Kumepambazuka tu, na mtoto keshatumwa. Mkononi ana noti, kichwani ana orodha: mkate, majani ya chai, kiberiti. Anakatiza uchochoro, anagonga nondo za dirisha la duka, anarudi nyumbani kabla maji hayajachemka. Safari hiyo ya hatua hamsini tumeizoea mno hata hatuioni. Lakini lile duka kukaa pale, ubavuni mwa nyumba ya watu, ni jambo lililobishaniwa na wafalme, mahakama na mabaraza ya miji kwa karne nyingi.

Wataalamu wa mipango miji huugawa mji kwa matumizi: hapa makazi, hapa biashara, hapa viwanda, hapa makazi na biashara kwa pamoja. Ukiziondoa rangi za ramani zao, linabaki swali moja: ni kitu gani kinachotoka kwenye biashara yako na kuingia nyumbani kwa jirani? Moshi? Kelele? Maji machafu? Macho ya wateja? Haya yafuatayo ni majibu ya watu wa nchi na zama mbalimbali. Mengine yana hekima ya kuigwa, mengine yaliumiza watu.

1. Je, wajua kwamba Lamu biashara na makazi vilipangwa ndani ya nyumba moja?

Nyumba ya mawe ya Lamu ina daka mbele ya mlango wake, yaani kibaraza chenye vikalio vya mawe pande mbili. Hapo ndipo wanaume walipopokea wageni, wakajadili bei na kupeana ahadi za biashara. Mfanyabiashara aliyeletwa na kaskazi aliweza kulazwa kwenye sabule, chumba cha wageni kilichotengwa na vyumba vya familia. Kutoka hapo kila hatua ilikuwa ya kuingia faraghani zaidi: kwanza kiwanda, neno ambalo zamani lilimaanisha ua, kisha misana, kisha ndani kabisa walikokaa wanawake na watoto. Hakuna afisa aliyepita na ramani. Mpaka kati ya mteja na familia uliwekwa na fundi mwashi, naye aliujenga kwa chokaa na matumbawe. Mji huo uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001.

2. Je, wajua kwamba neno "duka" lina undugu na baraza?

Duka limetokana na dukkan, neno linalosikika kwa Waarabu, Waajemi na Wahindi. Katika Kiarabu cha zamani dukkan lilimaanisha pia kikalio kilichoinuliwa, mahali pa kuketi mbele ya nyumba. Kwa hiyo anayepanga mafungu ya nyanya barazani kwake, au anayekaanga vitumbua hapo alfajiri, analirudisha neno kwenye asili yake.

Nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na uani nyuma, imekaa kana kwamba iliusubiri mtindo huu. Chumba cha mbele kinatazama njia. Mwenye nyumba akihitaji kipato, dirisha la chumba hicho hupanuliwa likawa mlango, geti la chuma likatiwa, na tayari tuna fremu ya kupangisha, kama inavyoitwa Tanzania. Ada za shule za watoto wengi zimetoka kwenye chumba hicho kimoja.

3. Je, wajua kwamba Warumi nao walipangisha fremu?

Mji wa Pompeii, Italia, ulifukiwa na majivu ya volkano ya Vesuvius mwaka 79. Wachimbaji walipouondoa udongo walizikuta nyumba za matajiri zikiwa na maduka ubavuni mwa mlango mkuu. Baadhi yaliuza chakula kutoka kwenye mitungi iliyojengewa ndani ya kaunta. Kwenye ukuta mmoja palikuwa na tangazo lililoandikwa kwa rangi: maduka pamoja na vyumba vyake vya juu, makazi ya hadhi na nyumba, vyote vinapangishwa kuanzia tarehe 1 Julai, na anayetaka amwone mtumwa wa mwenye mali. Mpangaji aliuza chini na kulala juu, na tangazo hilo lingeeleweka leo Tandika ya Dar es Salaam au Gikomba ya Nairobi bila kubadilishwa sana.

4. Je, wajua kwamba Tunis ilikuwa na kanuni za moshi na harufu katika karne ya 14?

Fundi mwashi wa Tunis aitwaye Ibn al-Rami aliandika kitabu cha hukumu za majengo, akikusanya kesi za majirani zilizopelekwa kwa kadhi. Msingi wake ni ule unaosisitizwa na mafunzo ya Kiislamu: pasiwe na kudhuru wala kudhuriana. Madhara yakapangwa kwa aina yake: moshi wa tanuri na bafu, uvundo wa kutengeneza ngozi, mtikisiko wa vinu vya kusagia unaopasua ukuta wa jirani. Hata mlango wa duka unaotazamana na mlango wa nyumba ulizua kesi, kwa kuwa wateja wanaokaa dukani huona ndani kwa watu.

Mji wenyewe ulijipanga kwa pua. Soko la manukato lilikaa ubavuni mwa msikiti mkuu wa Zitouna, na watengeneza ngozi wakawekwa pembezoni. Ukitembea mji mkongwe wa Tunis leo, soko la manukato bado liko palepale.

5. Je, wajua kwamba Napoleon alizigawa biashara katika makundi matatu?

Amri ya Ufaransa ya tarehe 15 Oktoba 1810 ilihusu kazi zenye hatari, zinazodhuru afya au zinazosumbua. Kundi la kwanza lilitakiwa kukaa mbali na nyumba za watu. La pili halikulazimishwa kuhama, ila liliruhusiwa baada ya kuhakikishwa kwamba kazi yake haitawadhuru majirani. La tatu liliweza kukaa katikati ya makazi likiwa chini ya uangalizi. Jambo la kuzingatia ni kwamba amri hiyo haikuuliza mwenye kazi ni nani. Iliuliza kazi yake inatoa nini. Nchi nyingi zilizokuja kutunga sheria za viwanda na mazingira zimepita njia iyo hiyo.

6. Je, wajua kwamba dobi mmoja aliibadilisha sheria ya Marekani?

Mwaka 1880 jiji la San Francisco lilitunga kanuni: hakuna kufanya kazi ya udobi kwenye jengo la mbao bila idhini ya wasimamizi wa jiji. Sababu iliyotolewa ilikuwa moto. Jiji lilikuwa na maduka ya udobi yapatayo 320, na 310 kati yake yalikuwa kwenye majengo ya mbao. Wachina walimiliki takriban 240.

Ndipo maombi yakaanza kupelekwa. Wachina wapatao 200 waliomba idhini, na wote wakanyimwa. Wasio Wachina wapatao 80 waliomba, wakapewa isipokuwa mmoja. Dobi anayejulikana katika rekodi kwa jina la Yick Wo alikuwa amefanya kazi palepale kwa miaka 22, akiwa na vyeti vya wakaguzi wa moto na wa afya. Alitozwa faini ya dola 10, akagoma kulipa, akafungwa.

Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1886 majaji wote walikubaliana: sheria inayoonekana sawa kwenye karatasi lakini inatekelezwa kwa jicho la chuki ni sheria inayovunja haki. Mwaka mmoja kabla ya hukumu hiyo, mji wa Modesto katika jimbo hilohilo ulikuwa umeamuru madobi wote wakae upande mmoja tu wa reli, mahali walipokuwa wakiishi Wachina. Wanahistoria wengi huitaja kanuni hiyo kati ya mbegu za kwanza za upangaji wa matumizi ya ardhi Marekani. Mbegu hiyo ilipandwa kwa ubaguzi, na matunda yake tumeyaona hata kwetu.

7. Je, wajua kwamba Uzunguni, Uhindini na Uswahilini yalikuwa zaidi ya majina ya mitaa?

Kanuni ya ujenzi ya Wajerumani ya mwaka 1891 iliugawa mji wa Dar es Salaam kwa aina ya nyumba. Waingereza walipoingia waliukamilisha mgawo huo kwa kanda tatu. Kanda ya kwanza, upande wa mashariki karibu na bahari, ilikuwa ya nyumba za kukaa za mtindo wa Kizungu. Ya pili, katikati ya mji, ilikuwa ya majengo ya kuishi na kufanyia biashara. Ya tatu ilikuwa ya nyumba za miti, udongo na makuti. Kwenye maandishi kilichotajwa ni vifaa vya ujenzi. Mitaani kila mtu alijua nani alikusudiwa kukaa wapi, na ndiyo maana watu wakaziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mnazi Mmoja uliachwa wazi uwe uwanja wa kuitenga Kariakoo na katikati ya mji.

Kariakoo yenyewe ina jina la jeshi la wapagazi la Waingereza, Carrier Corps, lililopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Eneo lililopangwa liwe mwisho wa mji, penye nyumba za baraza na uani, leo ndilo kitovu cha biashara cha Tanzania. Soko lake kuu, lililobuniwa na msanifu majengo Mtanzania Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Ghorofa zimeota palipokuwa na nyumba za vyumba sita, na maduka yamejaa chini na juu. Kanda iliyotengwa kwa ajili ya wanyonge imekuja kuwalisha wenye kanda zote.

8. Je, wajua kwamba mahakama iliwahi kulifananisha jengo lililokosa mahali pake na nguruwe sebuleni?

Kijiji cha Euclid, nje ya Cleveland katika jimbo la Ohio, kilitunga kanuni za matumizi ya ardhi mwaka 1922. Ardhi iligawanywa katika madaraja sita. La kwanza lilikuwa la nyumba za familia moja moja, la pili nyumba za familia mbili, la tatu nyumba za kupanga za ghorofa. Duka la rejareja lilipata nafasi kuanzia daraja la nne tu. Kampuni iliyomiliki ekari 68 ikashtaki kwamba ardhi yake imepotezewa thamani.

Mwaka 1926 Mahakama Kuu ya Marekani iliipa Euclid ushindi kwa majaji sita dhidi ya watatu. Hoja yao ilikuwa kwamba kero huweza kuwa kitu chema kilichowekwa pasipostahili, kama nguruwe aliyetolewa zizini akaingizwa sebuleni. Kuanzia hapo vitongoji vingi vya Marekani vilijengwa bila hata kioski, na mkazi huwasha gari kwenda kununua maziwa.

Houston, Texas, jiji la watu zaidi ya milioni 2, lilikataa njia hiyo. Wapiga kura wake walizikataa kanuni za namna hii mwaka 1948, wakazikataa tena 1962 na 1993. Lakini hata huko mitaa mingi ina masharti yaliyoandikwa kwenye hati za viwanja, yanayosema kiwanja hiki ni cha makazi tu. Uzio ukikosekana kwenye sheria ya jiji, watu huujenga kwenye mikataba yao.

9. Je, wajua kwamba mwenye duka ni mlinzi wa mtaa asiyelipwa?

Mwaka 1961 mwandishi Jane Jacobs, mkazi wa mtaa wa Hudson jijini New York, alichapisha kitabu kuhusu uhai wa miji mikubwa ya Marekani. Nyumba aliyoishi ilikuwa na duka la peremende chini yake hapo zamani. Wakati ambapo wataalamu walisisitiza kutenga maduka na nyumba, yeye alikaa dirishani akahesabu faida ya kuvichanganya. Mwenye duka anataka njia iwe salama kwa sababu mkate wake unategemea wapita njia. Anamjua mtoto wa nani kapotea. Majirani wa Jacobs walimwachia mwenye duka funguo za nyumba zao ili wageni wazikute.

Aliyelelewa uswahilini hahitaji kuthibitishiwa hilo. Muulize mwenye genge nani amehama, nani ana mgonjwa, gari lisilojulikana limepita saa ngapi. Na mwisho wa mwezi ukiwa mbali, yeye ndiye mwenye daftari la mkopo, benki ya karibu kuliko zote.

10. Je, wajua kwamba biashara kubwa za Eastleigh zilianzia vyumba vya kulala?

Eastleigh ya Nairobi ilikuwa mtaa wa makazi wa Wahindi na Wasomali tangu zama za ukoloni. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wakimbizi walipanga vyumba katika nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge. Mchana kitanda kiligeuzwa meza ya kuuzia nguo. Usiku kikarudi kuwa kitanda. Wateja wakaongezeka, vyumba vikageuka maduka moja kwa moja, na jengo likawa soko la ghorofa. Majengo mengine yakaiga. Leo wafanyabiashara wa Afrika Mashariki na Kati hununua mzigo Eastleigh. Hakuna ramani iliyolibuni soko hilo. Lakini pia hakuna ramani iliyotangulia kulipangia maji taka, maegesho na njia ya zimamoto, na wakazi wa mtaa huo wameilipa gharama hiyo kwa miaka mingi.

11. Je, wajua kwamba sheria ya Japani hupima mota ya muoka mikate?

Hapa ndipo penye somo ninalolipenda kuliko yote. Japani ina aina 13 za kanda za matumizi, zilizowekwa na sheria ya taifa na kutumika kila mji. Kanda iliyo kali kuliko zote kwa upande wa utulivu ni ya nyumba fupi za makazi. Hata hapo duka dogo linaruhusiwa, ilimradi liwe ndani ya nyumba anamoishi mtu, lisizidi mita za mraba 50, na lichukue chini ya nusu ya nyumba. Kinyozi, fundi cherehani, duka la mahitaji ya kila siku na mgahawa mdogo vyote vinaingia.

Na muoka mikate? Anaruhusiwa, lakini mota za mashine zake kwa jumla zisizidi kilowati 0.75, nguvu inayokaribia farasi mmoja. Katika kanda inayofuata ukubwa wa duka unapanda hadi mita za mraba 150. Tazama jinsi sheria hiyo inavyofikiri. Haimwambii muoka mikate aondoke mtaani. Inampimia ngurumo, ili jirani apate mkate bila kukosa usingizi.

12. Je, wajua kwamba Uingereza hulilinda duka la mwisho la mtaa?

Kanuni za Uingereza za mwaka 2020 ziliyaweka maduka mengi, ofisi, mikahawa na kumbi za mazoezi katika kundi moja, ili iwe rahisi kubadili kutoka hili kwenda lile. Lakini duka moja lilitengewa kundi lake: duka lisilozidi mita za mraba 280, linalouza mahitaji ya lazima kama chakula, ambalo halina mwenzake ndani ya mita 1,000. Hilo haligeuzwi ofisi bila kibali. Sheria imetambua kwamba duka likiwa la pekee linakuwa huduma, kama kisima.

Jiji la Paris nalo liliweka kanuni mwaka 2006 zinazokataza, kwenye mitaa iliyoorodheshwa, kubadili maduka ya chini kuwa matumizi mengine. Miaka miwili kabla, kampuni ya umma ilikuwa imepewa kazi ya kununua vyumba vya maduka katika mitaa iliyoanza kukimbiwa na wafanyabiashara wadogo, ili wauza vyakula, vitabu na mafundi wapate pa kupanga. Kwetu tumezoea kudhani sheria hizi ni za kufukuza tu. Zinaweza pia kuhifadhi.

13. Je, wajua kwamba "spaza" lilimaanisha kitu kilichofichwa?

Afrika Kusini, serikali ya ubaguzi iliwabana wafanyabiashara Weusi kwenye mitaa yao: aina ya bidhaa, idadi ya maduka, mahali pa kujenga. Watu wakauza ndani ya nyumba zao, gereji na vyumba vya mbele, bila kibao mlangoni. Maduka hayo yakaitwa spaza, neno la mtaani lenye maana ya kitu kilichojificha. Ubaguzi ulikwisha, spaza zikabaki, na nyingi zikaendelea kuwa nje ya macho ya wakaguzi.

Gharama ya kujificha ilionekana mwaka 2024, watoto zaidi ya 20 walipokufa kwa chakula chenye sumu. Mwezi Novemba Rais Cyril Ramaphosa aliamuru kila spaza isajiliwe ndani ya siku 21, na muda huo baadaye ukasogezwa hadi mwisho wa Februari 2025. Sheria inayomlazimisha mwenye duka kujificha huwanyima walaji ulinzi, na wanaoanza kuumia ni wadogo.

14. Je, wajua kwamba Kenya imeweka mita na desibeli?

Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi huiita Sheria ya Mututho kwa jina la mbunge wa Naivasha aliyeipeleka bungeni, ilitaka baa iwe angalau mita 300 kutoka shule za watoto, kuanzia za chekechea. Pia iliweka saa: siku za kazi kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku.

Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinakwenda ndani zaidi. Katika eneo la makazi, kelele za nje hazitakiwi kuzidi desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku wa kisheria huanzia saa 2. Ili upate picha, mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufikia desibeli 60 hivi, na mnong'ono 30. Hata penye mchanganyiko wa nyumba, biashara na burudani, kiwango cha usiku ni hichohicho 35. Mama mwenye kichanga anayekesha kwa ngoma za spika za baa ana sheria upande wake. Anachokosa mara nyingi ni mtu wa kuja na kipimo.

15. Je, wajua kwamba jiko la nyumbani lina sheria zake?

Singapore humruhusu mkazi kuoka keki, kushona au kufundisha nyumbani kwake bila kuomba kibali cha jiji, kwa masharti: asiajiri watu wa nje, asiweke kibao, asisumbue majirani. Wanafunzi wa masomo ya ziada wasizidi watatu kwa wakati mmoja. California ilipitisha sheria mwaka 2018 inayowezesha jiko la nyumbani kuuza chakula kilichopikwa, kikomo cha awali kikiwa milo 30 kwa siku na 60 kwa wiki, mahali ambapo wilaya imekubali na mkaguzi amepita. Mama ntilie wetu hupika zaidi ya hapo kabla ya saa 7 mchana. Naye anastahili mkaguzi anayekuja kumwelekeza, kabla ya mgambo anayekuja kumwaga sufuria.

16. Je, wajua kwamba leseni na mahali ni vitu viwili?

Watu wengi hupoteza mtaji hapa. Mwaka 2018 Rais John Magufuli wa Tanzania aligawa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja kwa shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Kitambulisho kilimlinda mtu. Hakikumpa kiwanja. Mwaka 2021 machinga waliondolewa kandokando ya barabara na kupelekwa maeneo yaliyotengwa, na wengi wakagundua tofauti hiyo wakiwa na meza kichwani.

Kwa hiyo kabla hujalipa kodi ya fremu ya miezi sita, uliza maswali haya. Hati ya kiwanja inasema matumizi gani: makazi, biashara, au makazi na biashara? Tanzania, Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inataka kibali cha mamlaka ya upangaji, ambayo kwa kawaida ni halmashauri yenu, kabla ya kubadili matumizi. Kenya, sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019 inataka umma uarifiwe, na ndiyo maana huona mabango kwenye viwanja na matangazo magazetini. Jirani akiliona bango hilo ana haki ya kupeleka pingamizi. Uganda, sheria ya mwaka 2010 iliitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango, hivyo hata kijijini usidhani uko nje. Kisha mwone afisa mipango miji, umwone afisa afya kama unauza chakula, na pitia ofisi ya serikali ya mtaa. Leseni ya biashara inakuja baada ya hayo.

Halafu kuna hatua ambayo hakuna sheria iliyoiandika, nami naiona kubwa kuliko zote. Bisha hodi kwa jirani. Mweleze utauza nini, utafunga saa ngapi, maji machafu yatapita wapi, wateja wataegesha wapi pikipiki. Ibn al-Rami aliziandika kesi za watu ambao hawakuzungumza mapema, na mabaraza ya kata hadi leo yana mafaili ya aina hiyo.

Dobi wa San Francisco, muoka mikate wa Japani na mama mwenye fremu ya chumba cha mbele wanadai kitu kimoja: wapimwe kwa kinachotoka mlangoni mwao, na si kwa sura, kabila au mfuko wao. Jirani naye anadai kipimo hicho kiwepo kweli, na kitumike usiku anapokihitaji. Ramani ikiwasikiliza wote wawili, mtoto wa kesho asubuhi atatumwa dukani, atavuka uchochoro msafi, na atarudi kabla maji hayajachemka.